Mbwa Aliyeitwa Semeni Tu

Mama yangu hakuwa mtu wa kugombana na watu. Alifuga mbwa wa kumfanyia kazi hiyo.

Kwetu ni Idodi, kijiji kilicho kwenye barabara iendayo hifadhi ya Ruaha, ambapo watalii hupita na vumbi lao bila kusimama. Huko mtu mzima mwenye heshima zake hasimami uani akamtukana jirani. Anafuga mbwa, anampa jina, kisha anamwita. Jina ndilo neno ambalo adabu imemzuia kulisema. Nimekua nikiwajua mbwa wa namna hiyo kama watoto wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira: Wivu wa Nini, Mungu Anaona, Mtanikuta. Ukimsikia mama anaita mbwa wake aje kula, naye mbwa amelala miguuni pake, ujue chakula hicho kinapelekwa kwingine.

Mbwa wa mwisho wa mama aliitwa Semeni Tu. Jina lilielekezwa ng'ambo ya uzio wa minyaa, kwa mama mmoja mjane wa rika lake. Huyo jirani alisema, au ilisemekana kwamba alisema, kuwa mtoto wa mama amesoma mpaka ameanza kuogopa ng'ombe. Mtoto huyo ni mimi. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli, lakini ukweli haujawahi kuzuia ugomvi Idodi. Siku chache baadaye mama alipata kijibwa cha rangi ya majivu, masikio makubwa kuliko kichwa, na kijiji kizima kikaelewa.

Tangu hapo, kila jioni jua likishuka, mama alisimama mlangoni, akashika kiuno, akaugeukia uzio na kuita: "Semeni Tu! Semeni Tuuu!" Ng'ambo kule ulisikika mfuniko wa sufuria ukibamizwa. Mbwa alikuja mbio akitikisa mkia, kiumbe pekee katika habari ile asiyekuwa na neno na mtu. Mchezo huo ulidumu miaka yote iliyombakia mama, mpaka majivu ya manyoya ya mbwa yakachanganyika na mvi.

Mama alipofariki, jirani alikuja. Msibani ugomvi hukaa pembeni. Alichota maji, akapika kwenye moto ule ule na dada zangu, akalala kwenye mikeka na wanawake wengine mpaka matanga yalipoanuliwa. Kisha akajifunga khanga yake vizuri akarudi kwake, nasi watu wa ukoo tukakaa kikao cha kugawana vitu vya marehemu.

Baba mdogo ndiye aliyeendesha kikao. Vitenge vilikwenda kwa shangazi na dada zangu, majembe kwa binamu, redio kwa kaka yangu mkubwa, kuku kwa aliyewahi kuwakamata. Hata mtego wa panya ulipata mwenyewe. Mwisho baba mdogo akatazama mlangoni, ambako Semeni Tu alikuwa amelala kwa kukatiza kizingiti, kama kawaida yake.

"Na huyu?"

Watu wakaanza kutazama mikono yao. Dada yangu aliyeolewa pale pale kijijini alikuwa wa kwanza kujitoa. Alisema anaishi nyumba moja na mawifi watatu. Akisimama uani akaita jina hilo, nani atakayeamini anamwita mbwa? Kaka alikuwa anarudi Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, akasema kule mbwa hutumbukia mashimoni, na watu pia. Shangazi akashauri tumbadilishe jina. Tukamwita Simba. Mbwa aligeuka akatazama nyuma yake, aone ni nani aliyeingia.

Basi baba mdogo akanigeukia mimi. "Msomi," akasema, "wewe unakaa mjini, huko watu hawajuani. Mwite unavyotaka."

Kikao kikafungwa kwa sala.

Ndivyo nilivyorudi Mbeya na urithi wangu. Nina shahada mbili, na nilichoambulia kwa mama yangu ni tusi lenye miguu minne. Chuoni ninakofundisha habari zilinitangulia. Mimi ni Mhehe, na Mtanzania yeyote anaujua utani wa Wahehe na mbwa. Watani zangu wa Kingoni waliniuliza kwa zamu kama nimeshamla au bado namnenepesha. Nilicheka nao. Mtani hakasirikiwi, na isitoshe ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu anizungumzishe bila kushusha sauti.

Napanga karibu na soko la Mwanjelwa, katika nyumba yenye uwanja mmoja na wapangaji wengi. Mwenye nyumba ni mzee muuza vitambaa, ambaye babu yake alipanda huku kutoka Kilwa na mzigo wa biashara. Alikuja akachuchumaa hatua chache kutoka kwa Semeni Tu, wakatazamana kwa muda kama wazee wawili kwenye foleni ya hospitali.

"Mwalimu," akaniambia, "mbwa ni kiumbe wa Mungu, mimi sina ugomvi naye. Ila uwanja ni mmoja, na hapa ndipo ninapotawadhia."

Nilimwelewa. Akanipa muda, akasema nisihangaike, nisiharakishe, jambo ambalo kwa kauli ya mwenye nyumba mstaarabu maana yake ni wiki hii. Wakati naondoka na mbwa alileta kipande cha blanketi kwa ajili ya safari. Alikishika kwa ncha za vidole, akakiweka chini ili mimi nikiokote, lakini alikileta.

Nilikuwa nimesikia kwamba Iringa, nje ya mji, nyuma ya mikaratusi, kuna mahali panapopokea mbwa na paka wasio na kwao. Palianzishwa na bibi mmoja wa Kizungu ambaye baadaye aliugua akarudi kwao, akamwachia funguo muuguzi mstaafu aliyekuwa akimsaidia. Watu wote wanamwita Matroni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayevaa viatu vyake vya wodini mpaka leo, na anayemtazama mgeni kama vile mgeni amechelewa kuja kliniki.

Nilimweleza habari zangu pale getini. Alisikiliza, akamshika Semeni Tu taya, akamkagua meno. Kisha akaniambia mambo yalivyo, bila kupaka sukari. Mahali pale palikuwa na sheria. Wanyama wanachanjwa, wanalishwa, wanasubiri. Mabanda yakijaa, daktari wa mifugo anakuja kuwachoma sindano waliosubiri sana.

"Sindano ya nini?" niliuliza, kana kwamba sikujua.

"Ya kulala," alisema. "Lakini hawaamki."

Zamani, katika miji yetu mingi, mbwa wasio na wenyewe walikuwa wakipigwa risasi barabarani asubuhi, kichaa cha mbwa kikizuka. Nakumbuka nikiwa sekondari, tukipita kwenda darasani na kuruka madimbwi ambayo hayakuwa ya mvua. Mahali kama pale kwa Matroni palizaliwa ili jambo hilo liishe, na kweli liliisha. Lilitoka barabarani likaingia ndani, likapewa ratiba na glovu safi. Mtu akipita nje haoni kitu isipokuwa mikaratusi. Huo nao ni ustaarabu, sikatai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuletea mgeni.

"Anaweza kuja nani kumchukua?" nikauliza.

"Yeyote atakayesema ni wangu."

"Mimi ndiye niliyemleta."

"Ndiyo," Matroni alisema. "Wewe ndiye uliyemleta."

Nilitia sahihi palipohitajika. Semeni Tu aliingia bandani bila ubishi, akajikunja juu ya blanketi la mwenye nyumba, akakiweka kidevu chake kwenye kizingiti.

Ni neno fupi hilo, *ni wangu*, lakini mitaani kwetu halisemwi ovyo. Mbwa akiuma mtoto, mwenye mbwa atatafutwa. Kwa hiyo mbwa anakuwa wa mtaa. Huyu anamtupia mfupa, yule anamwachia ukoko wa ugali, watoto wanamjua, walevi wanasindikizwa naye mpaka mlangoni, na siku akiulizwa mwenyewe, mtaa mzima unatazama mbingu. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwenye kikao cha ukoo wetu, watu wakitazama mikono, lakini nilidhani ni sisi tu.

Nikawa napita Iringa kila nipatapo kisingizio. Msomi hakosi kisingizio cha safari: kuna semina, kuna warsha, kuna kusahihisha mitihani. Baada ya kuniona mara kadhaa Matroni aliniingiza kwenye kamati ya mahali pale. Kamati ilikuwa yeye, daktari wa mifugo, mchungaji mmoja na mfanyabiashara mmoja wa vipuri anayependa paka. Mimi niliwekwa kwa sababu ya kuandika barua. Ndiyo faida ya shahada mbili.

Watu walikuja kutafuta wanyama, si wengi, lakini walikuja. Semeni Tu aliwavutia. Alikuwa mzee mwenye umbo, kifua mbele, anakaa wima kama mlinzi wa benki. Mwalimu mkuu mmoja alimzunguka akiridhika. "Anaitwa nani?" akauliza. Matroni alimwambia. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani, kisha nikamwona anawaza, na nikajua anawaza ofisi ya walimu inayotazamana na dirisha la nyumba yake. Alichukua paka. Mchungaji wa kamati yetu naye alimtaka, akarudi kesho yake kuomba radhi; mke wake alikuwa amemkumbusha ugomvi wa kwaya. Nilimshauri Matroni amdanganye mtu jina. Tulijaribu na mama mmoja mkulima kutoka huko milimani, tukamwambia mbwa anaitwa Bosi. Yule mama aliita Bosi, Bosi, Bosi, mpaka akaanza kutuonea huruma sisi. Kisha Matroni akasema jina lenyewe kwa sauti ya chini, na mbwa akasimama na mkia ukaanza kazi.

Mtu hawezi kumwita arudi nyumbani mbwa wa jina hilo bila kuutangazia mtaa vita. Mama alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno.

Nilikuwepo siku moja ya sindano. Sikupanga, nilikosea wiki. Daktari wa mifugo ni mtu mnene mwenye tabia ya kupiga mluzi nyimbo za kanisani anapofanya kazi, na asubuhi ile nilishangaa kutomsikia. Nilimkuta amekaa kwenye tofali, anajaza sindano, mgongo ameugeuzia mabanda.

Wa kwanza alikuwa jike la rangi ya njano, lenye matiti yaliyolegea kwa kunyonyesha watoto wengi. Lilikuwa limeletwa kutoka sokoni. Juzi yake Matroni alikuwa amekwenda sokoni kwa miguu, akapita kwa wauza nyama mmoja mmoja, akiuliza. Wote walimjua mbwa huyo. Walimwita Mama Mkubwa, walijua huzalia wapi, walijua anaogopa pikipiki. Waliuliza anaendeleaje, anakula? Lakini Matroni alipouliza ni wa nani, kila mmoja alimwelekeza kwa mwenzake wa meza ya pili. Mmoja alimfungia mfupa mzuri kwenye gazeti, akasema ampelekee.

Kwa hiyo Matroni alirudi na mfupa. Asubuhi ile alimpa. Mbwa alilala chini, akaushika mfupa kwa miguu ya mbele, akaanza kuutafuna kwa upande mmoja wa mdomo, kama wanavyotafuna wazee. Daktari alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea, mpaka Matroni akamwambia, "Fanya, daktari, usitutese." Jike lilitikisa mkia daktari alipolishika mguu. Mfupa ulibaki mdomoni. Matroni ndiye aliyeutoa, baadaye, na sikuona alikouweka.

Walikuwepo wengine baada ya huyo. Sitawasimulia.

Tulipomaliza, Matroni alinawa mikono kwenye bomba la nje kwa muda mrefu, mpaka viwiko, kama wanavyonawa wauguzi. Alisema bila kutugeukia: "Nimefanya kazi wodi ya wazazi maisha yangu yote. Sikustaafu nije nimalizie na hii. Mwezi ujao kabati la dawa ya sindano silifungui."

Daktari hakukasirika. Alivua glovu, akazikunja. Alisema yeye pia halali vizuri wiki ya sindano, mke wake ni shahidi. Lakini kesho wataletwa wengine, na banda la wanne likitiwa wanane watakulana, na huo si wema. Alikuwa akisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye banda la mwisho, ambako Semeni Tu alikuwa ameegemeza kidevu kizingitini, akitutazama.

"Yule mzee wa jina la matusi ndiye wa kwanza mwezi ujao," alisema. "Mtafutieni kwake. Huyo akipata, nitaamini hakuna asiyeweza kupata, na mimi mwenyewe nitawasaidia kulifunga hilo kabati. Akikosa, Matroni, usinifundishe huruma tena."

Matroni alinitazama mimi. Daktari naye akanitazama. Hata mbwa.

Nilikwenda Idodi. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilikuwa na utangulizi, hoja kuu na hitimisho. Baba mdogo aliusikiliza utangulizi akanikaribisha pombe ya ulanzi. Alisema jambo la kikao likishaamuliwa limeamuliwa, na kama nimeshindwa kumlisha mbwa mmoja kwa mshahara wa serikali basi yeye anawahurumia wanafunzi. Dada yangu alilia, lakini alilia kwa ajili ya mama. Kuhusu mbwa jibu lilikuwa lile lile. Ilipofika jioni nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya mama, iliyofungwa kufuli, nikitazama mahali kwenye sakafu ya saruji palipong'aa kwa kulaliwa na mbwa.

"Kamwene," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa uzio.

Nikaitikia. Nikazunguka kwenda kumsalimu, maana huwezi kukaa umemgeuzia kisogo mtu mzima. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda tangu msiba. Aliuliza habari za Mbeya, baridi, watoto, mke, kazi. Nikajibu zote nzuri. Kisha akachambua, akatupa kijiwe.

"Mbwa wangu mmempeleka wapi?"

Nilidhani ulimi umemteleza. "Mbwa gani, mama?"

"Semeni Tu."

Nikamwambia kwa heshima kwamba Semeni Tu alikuwa wa marehemu.

"Mama yako alikuwa anampa ugali," alisema. "Lakini jina lilikuwa la nani? Kila siku ya Mungu nilikuwa naitwa mimi. Mbwa alikuwa anasindikiza tu." Aliuweka ungo chini. "Sasa jioni inafika, nakaa hapa hapa, nasikiliza. Hakuna anayenisema. Hata nikiharibu jambo, nani ataniambia? Mmekaa kikao mkagawana mpaka mtego wa panya, hamkuona hata mtu mmoja wa kuja kuniuliza. Mmegawa na cha kwangu."

Hotuba yangu ilikuwa na sehemu tatu na hakuna hata moja iliyomtaja huyu. Watu wote tuliokaa kwenye kile kikao tulijua mbwa yule alikuwa akisema na nani, na ndiyo maana hatukumuuliza. Tulidhani tusi halina mwenyewe isipokuwa aliyelitoa.

Nikamweleza mahali mbwa alipo, na habari ya sindano. Alisikiliza kwa makini.

"Wanamchoma kwa kosa gani?"

"Hana kosa, mama. Ni kwamba hakuna aliyesema ni wake."

"Mpigie huyo daktari."

Mtandao Idodi hupatikana ukisimama mahali fulani na kugeukia upande fulani. Kwake ilikuwa ni juu ya jiwe la kuanikia mtama. Nilimpata Matroni, nikaeleza, nikampa simu. Yule mama alipanda juu ya jiwe, akaishika simu mbali na mdomo kama kipaza sauti, akapaza sauti ambayo nina hakika Iringa ingeisikia hata bila simu: "Huyo mbwa ni wangu. Mleteni."

Kisha akanirudishia simu bila kusubiri jibu. Nilipomwita, Matroni akasema subiri kidogo, akapenga kamasi.

Daktari alimleta mwenyewe kwenye gari la chanjo, maana alikuwa na kazi vijiji vya huko. Matroni alikaa nyuma na mbwa. Mimi nilikuwa nimeongeza siku, nikidai nina mafua. Semeni Tu alishuka taratibu, akanusa gurudumu, akanusa hewa, halafu akaondoka kwa mwendo ambao sikujua kama bado anao. Alimpita yule mama. Alipenya kwenye uzio pale penye tundu lake la zamani, akafika kwenye mlango wa mama yangu, akaukwaruza mara moja. Akasubiri. Akanusa chini ya mlango kwa muda mrefu. Kisha akajilaza kwa kukatiza kizingiti, kidevu chini.

"Semeni Tu," yule mama alimwita kwa upole. "Njoo, baba."

Sikio moja likainuka, likashuka.

Akamwita tena, kwa upole zaidi. Mbwa hakujigusa. Daktari alianza kusema labda tumwache azoee, na nikaona kwenye uso wake kwamba hakuwa akiombea kushinda ubishi. Hapo yule mama akainuka. Akajirekebisha khanga, akashika kiuno, akaigeukia nyumba yetu iliyofungwa, akavuta pumzi, na akaita kwa sauti ya mama yangu. Sisemi inafanana. Alikuwa ameisikia kila jioni kwa miaka yote ile, kila kupanda na kila kushuka, na ile dharau ya mwishoni: "Semeni Tu! Semeni Tuuu!"

Mbwa akaja mbio.

Daktari alikwenda kukagua matairi yake, yote manne. Matroni alikaa chini pale pale kwenye vumbi na sketi yake safi. Dada yangu, ambaye alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, alisimama njiani, na maji yakawa yanammwagikia usoni, hivyo hatukuweza kujua kama yote ni maji.

Kabati lile halikufunguliwa mwezi uliofuata, wala mwezi baada ya huo. Daktari alitimiza neno lake. Sindano sasa ni ya mnyama anayeumia bila tumaini, basi. Wengine wanachanjwa, wanafungwa kizazi, wanarudishwa pale pale walipotoka, kwa sharti kwamba mtaa usimame mbele ya mwenyekiti wake na kusema ni wetu. Matroni aligundua kwamba watu wanaoshindwa kusema *ni wangu* mmoja mmoja, wanaweza kusema *ni wetu* kwa pamoja, mradi asiwepo wa kuanza peke yake. Huwahesabia moja mbili tatu, kama anayewasukumisha wazazi. Mahali pengine wanakataa, na mabanda yanajaa, na yeye anahangaika. Lakini kabati hajalifungua.

Alipowapelekea wauza nyama wa sokoni mbwa wao wa kwanza, nilikuwa nimefuatana naye. Walisema ni wetu kwa sauti moja, wakicheka, wakisukumana. Kisha yule aliyetuma mfupa akauliza, "Na Mama Mkubwa je, lini?"

Matroni alimwambia. Angeweza kudanganya, mimi ningedanganya. Yule mtu aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akakishika tena, akashindwa kukumbuka alikuwa anakata nini.

Huwa nawafikiria wale wa kabla. Hawakufa kwa kuchukiwa. Wengi wao walikuwa wanajulikana mpaka wanachoogopa.

Mwenye nyumba wangu huwa ananiuliza, baada ya salamu, "Yule mgeni wetu hajambo?" Jina hajawahi kulitamka, ana wapangaji. Nilimjibu hajambo mpaka mvua za mwaka jana, ambapo yule mama alipanda juu ya jiwe lake akanipigia. "Mwanangu," alisema, "wetu ametangulia." Alimkuta asubuhi kwenye kizingiti cha mama yangu. Mchana alikuwa wa yule mama, jioni akiitwa alikwenda, lakini kulala alikwenda kulala kwake. Alimzika kwenye uzio, katikati, ili pasiwe na maneno. Nilipompa mwenye nyumba habari, aliacha kukunja vitambaa. Alisema, "Na lile blanketi?" Nikamwambia alizikwa nalo. Akatikisa kichwa mara kadhaa, kisha akaendelea kukunja.

Matroni alimpelekea yule mama kijibwa kutoka kwenye mabanda, cheusi, chenye mguu mmoja mweupe. Nilikwenda Idodi baada ya mavuno kutoa vitu vilivyobaki, kwa kuwa ukoo umeamua nyumba ya mama ivunjwe, mabati yagawiwe. Nilikuwa chumbani kwake, nakunja godoro, wakati jua linashuka. Kupitia dirishani nikasikia hatua zikitoka nje ng'ambo ya uzio, zikasimama. Nikajua ameshika kiuno.

"Nimesikia!" yule mama aliita, akiielekea nyumba yetu. "Nimesikiaaa!"

Kijibwa kilibweka karibu kabisa na miguu yake. Hakikuwa kimekwenda popote. Akaita mara ya tatu, akangoja.

Nikaendelea kukunja godoro. Si mimi niliyekuwa nikiambiwa.